Mikono Juu ya Kichwa Changu

Jumatatu, 3 Novemba 2014

Wamemzika Hajja leo. Hawakusema hivyo. Muntasir alisema "amestaafu".

Hajja ni amplifaya yangu. Jina alimpa marehemu Tijani mwaka themanini na tatu, kwa sababu ya mlio wake — anaguna kwanza ndipo aseme, kama mama mzee anayenyanyuka kwenye mkeka. Miaka thelathini na moja nimepiga gitaa mbele yake. Nimempeleka Sennar, Kosti, Gadaref, nimempakata juu ya lori kama mtoto. Kitambaa chake cha mbele Batul, mke wangu, amekishona mara mbili. Wiki iliyopita kule Hasaheisa alitoa moshi katika wimbo wa nne. Basi, ndiyo mwisho wake.

Na leo Muntasir kaleta mpya. Kaka yake aliyeko Jeddah ndiye kaituma. Nyeusi, imefungwa plastiki, ina vitufe kumi na vinne vya kuzungusha — nimevihesabu — na kitaa cha buluu. Ukiiwasha haiguni. Kimya! Inakukodolea tu hicho kitaa, inangoja ueleze shida yako. Nimeipa jina Afisa.

"Ami Babikir, zawadi yako hii," anasema Muntasir. Ami, ami. Mtoto wa Tijani huyu. Nimemfundisha kukaza nyuzi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Baba yake alipofariki alirithi kipaza sauti na bendi nzima, na mimi ndani yake. Nikamshukuru. Sijui uso wangu ulisemaje.

Shazali wa kinanda hakuweza kunyamaza. Kinanda chake nacho kina sauti ya gitaa, akasema, namba ishirini na sita, kwa hiyo Ustadhi — ndivyo anavyoniita — asijisumbue sana. Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, shenzi mimi.


Jumatano, 5 Novemba

Mazoezi uani kwa Muntasir, baada ya alasiri. Afisa wamempandisha juu ya meza, mita mbili nyuma yangu, karibu na mtungi wa maji. Nikasema namtaka chini, karibu na mguu. Shazali akasema siku hizi sauti hupitishwa juu ya vichwa vya watu. Siku hizi. Yeye siku hizi anazijua zote.

Sasa niandike ninachokificha, maana hapa hakuna anayesoma. Hajja nilikuwa namsikia kwa muundi. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umemwegemea, kila noti ikapanda kwenye mfupa. Tangu Ramadhani sikio la kushoto lina mlio wake lenyewe, mchana na usiku, na la kulia linanipa sauti nene tu. Nyembamba zimekwenda. Sisikii simu ikiita. Simsikii yule ndege wa asubuhi kwenye mwarobaini, ingawa namwona anafungua mdomo. Nyuzi mbili nyembamba za gitaa nazisikia kwa vidole, basi.

Hakuna anayejua. Wakijua nimekwisha. Nitakaa nyumbani na hawa mbuzi wa jirani, na gitaa la bendi niliyoianzisha mimi na Tijani litakuwa namba ishirini na sita.

Leo nilikwenda kwa kumtazama mpiga fidla. Upinde ukishuka, nashuka. Nyimbo zetu Mungu kazihurumia: mwimbaji akivuta pumzi sote tunapiga lazma, kile kipande cha kati, noti zilezile, ala zote pamoja. Mtu anaweza kujificha humo. Lakini mara mbili nilichelewa.

"Ami, mbona unabaki nyuma?" Muntasir akauliza.

"Ni Afisa. Anachelewesha sauti."

"Umeme haujui kuchelewa, Ustadhi," akasema Shazali, tena bila kuniangalia.


Ijumaa, 7 Novemba

Batul kauliza kwa nini nimeacha birika lipige mluzi mpaka maji yakakauka. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka jikoni. Nikamwambia nilikuwa na mawazo. "Una mawazo mengi mwaka huu," akasema. Akaliondoa birika motoni, akatia maji mengine. Zamani tungegombana mpaka Isha. Hakugombana. Hilo limeniudhi kuliko birika lenyewe.


Jumatatu, 10 Novemba

Nimemleta Afisa nyumbani kwa mkokoteni wa punda, nimfahamu kabla ya Alhamisi. Alhamisi kuna mahafali ya chuo cha wauguzi. Ndiyo mara ya kwanza ya Afisa mbele za watu, na Muntasir kanitafuta pembeni kuniambia, kwa upole wake ule unaochosha, kwamba "tutaona itakavyokwenda, ami". Itakavyokwenda nini? Amplifaya, au mimi?

Batul alikwenda matangani. Nikafunga mlango, nikakaa na Afisa uso kwa uso. Vitufe kumi na vinne, kumi na viwili ni vya kuchezea watoto — kimoja kinafanya gitaa lisikike kama liko kisimani. Nimevirudisha vyote sifuri. Nikabaki na viwili, cha ukubwa wa sauti na cha sauti nyembamba.

Nikazungusha cha sauti nyembamba. Nusu, hakuna kitu. Robo tatu, hakuna kitu. Nikazungusha mpaka kikagoma, nikakazia na ukubwa wa sauti kidogo, kisha kidogo tena. Na hapo, Mungu wangu — uzi wa kwanza! Kwa mbali, lakini upo. Uzi ambao sijausikia tangu kabla ya Ramadhani. Nilipiga wimbo wa kwanza niliomtungia Tijani, wote, na zile noti za juu kabisa zikarudi mojamoja kama watu waliokuwa safarini. Nililia. Naandika hivyo hivyo: nililia.

Nilipotoka nje mbuzi wote wa jirani walikuwa wamejibana kwenye ukuta wa mbali. Sikulitilia maanani.

Basi nimemkosea Afisa. Si mbaya, anataka mtu anayemjua tu. Nimechukua hina ya Batul nikatia nukta kila kitufe kilipoishia. Alhamisi asiguse mtu nukta zangu. Hasa Shazali.


Alhamisi, 13 Novemba

Wamenibashiri! Mimi, si mwimbaji. Mimi!

Niandike kwa mpangilio. Uwanja wa chuo, mahema mawili, saa nne asubuhi, jua halijawa kali. Wasichana wa uuguzi wamevaa thobe nyeupe, mama zao za rangi rangi, baba na wajomba mistari ya mbele na fimbo zao. Afisa nimemweka nyuma ya kiti changu, kwenye nukta za hina, kwa mkono wangu. Shazali akatazama vitufe, akafungua mdomo. Nikamwambia, "Usiguse." Akafunga mdomo.

Wimbo wa kwanza na wa pili nilijizuia, nikapiga kwa ncha ya kidole tu. Wa tatu una kile kipande changu, gitaa peke yake, alichokiacha Tijani makusudi ili watu wajue bendi hii ina mtu anaitwa Babikir. Nikaingia kwa nguvu zote. Na nilijisikia! Noti zote, na zile za juu.

Watu wakaanza kusimama. Mstari wa mbele kwanza. Mkono mmoja ukapanda, wa pili, kisha sita, saba, wote kunielekea mimi. Tangu Tijani afe, miaka minne sasa, sijabashiriwa. Ndivyo watu wetu wanavyosifu muziki ukiwagusa: wanakwenda kwa mwimbaji, mkono juu ya kichwa chake, vidole vinaalika ta! ta!, yeye anainamisha kichwa kupokea, na sisi tuliokaa nyuma tunatazama migongo yao. Leo walikuja kwangu. Mzee mmoja mnene, kilemba kikubwa, alipanda jukwaani kabisa, mkono juu. Nikainamisha kichwa, nikapokea. Akaniinamia sikioni akapaza sauti. Nilisikia "za" — tu, "za" — na nyuma yake pumzi yake ya moto. Kaza! Anasema nikaze! Nikamchekea, nikanyoosha mkono nyuma nikakaza.

Hapo ndipo waliposimama wote.

Muntasir alikatisha wimbo kabla ya ubeti wa mwisho. Akasema jenereta ina tatizo, tukapumzika, na baada ya hapo nyimbo zilikuwa za pole pole na za kunibakishia sehemu ndogo. Wivu. Sikutarajia kutoka kwa mtoto wa Tijani, lakini jukwaa ni jukwaa. Shazali uso ulikuwa umemsawijika. Kwenye gari hakuna aliyenisemesha mpaka tumefika. Vizuri. Miaka minne nimekaa kimya mimi, sasa na wao wakae.

Batul aliniuliza ilikuwaje. Nikamwambia kwa ufupi, maana sipendi kujisifu: leo mumeo amebashiriwa.


Ijumaa, 14 Novemba

Nimeamka nimechangamka. Swala, kisha kisra na mchuzi wa bamia, kisha usingizi mzuri. Hakuna aliyepiga simu kunipongeza.

Au walipiga.


Jumamosi, 15 Novemba

Nitaandika yote.

Nilikwenda kwa Kaltuma, yule dada anayeuza chai chini ya ukuta wa posta. Niliagiza jabana, kahawa ya tangawizi. Kwenye vibao pale walikuwa vijana watatu, sura ngeni, wameinamia simu ya mmoja wao. Wanatazama video na kucheka mpaka kushikana mabega. Hawakuniona. Au wameniona na hawakunijua, maana kwenye video nina miwani.

Nikachungulia. Uwanja wa chuo. Jukwaa. Mimi.

Mikono ilikuwa juu, kweli. Lakini si vidole vinavyoalika. Viganja! Viganja vimenielekea, vinasukuma hewa kwenda chini: punguza, punguza. Nyuma ya mstari wa mbele wasichana wameziba masikio kwa ncha za thobe. Mama mmoja amempakata mtoto mchanga anakimbia naye nje ya hema. Yule mzee wa kilemba anapanda, ameinua mkono kama polisi wa barabarani, na mimi — mimi nainamisha kichwa. Nainamisha kichwa, natabasamu kama bibi harusi. Ananipigia kelele sikioni. Namchekea. Nanyoosha mkono nyuma.

"Tazama, tazama hapa," anasema yule mwenye simu, "mzee anadhani anabashiriwa!" Wakafa kwa kicheko. Wakarudisha nyuma kipande hicho, mara ya pili, mara ya tatu.

Kaltuma akaacha kumimina. Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, birika la shaba amelitua chini. "Jamani zimeni hiyo," akasema, "mluzi wake unatoboa kichwa."

Mluzi upi? Nilisogeza sikio la kulia mpaka karibu na simu, kijana akashtuka. Nilisikia gitaa kwa mbali, nene. Nilisikia kicheko. Mluzi sikuusikia. Kaltuma hapo mbele yangu anakunja uso kwa maumivu na mimi sisikii kitu, hata kidogo, kama mtu anayeonyeshwa mwezi mchanga na haoni.

Ndipo kijana akanitazama usoni, kisha akatazama simu, kisha akanitazama tena. Akasimama. "Samahani, hajji," akasema. Wote watatu wakasimama. Wamenipa heshima! Wangeendelea kucheka ningevumilia zaidi.

Mzee alisema "punguza". "Za" ilikuwa ya "punguza". Mimi nikajijazia mbele yake neno nililokuwa nimelingoja miaka minne.

Kaltuma hakukichukua kikombe changu. Kahawa ilinipoa mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, huku midomo akiichezesha polepole, kama nimemwona daktari kuhusu sikio. Polepole! Muuza chai anajua kunisemesha. Nani mwingine anajua?

Nilirudi kwa miguu, njia ya shamba, nisikutane na watu.


Jumapili, 16 Novemba

Sikutoka.


Jumatatu, 17 Novemba

Sikutoka. Nimelitoa gitaa kwenye mfuko, nimelirudisha.

Muntasir alijua tangu jukwaani. Shazali alijua alipotazama nukta za hina. Mpiga ngoma za bongo, yule mjinga asiyejua hata kitufe kimoja cha Afisa, naye alijua. Wote wamekaa kwenye gari ile wananitazama kisogo, nimevimba kama kuku wa Idi. Na tulipofika, nikishuka, nilipowaambia "leo watu wamefurahi," nakumbuka sasa, Muntasir alisema, "Ndiyo, ami." Ndiyo, ami! Heri angenitukana.


Jumanne, 18 Novemba

Muntasir kaja. Alileta zalabia za moto kutoka sokoni, kama anayekuja kumwona mgonjwa. Nilikuwa bafuni. Nilipotoka alikuwa jikoni na Batul, wamesimama karibu karibu. Waliponiona wakanyamaza.

Au hawakunyamaza, na mimi ndiye sikusikia.

Tulikaa uani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka niseme mimi kwanza, kabla hajanifukuza: mwanangu, nimechoka, tafuta mtu. Nilishaipanga sentensi yote. Lakini yeye akanitangulia. Ijumaa kuna harusi mtaa wa Dardig, chakula cha mchana, watu wa heshima, na "bila wewe, ami, siendi".

"Video umeiona?" nikamuuliza.

Akatazama zalabia. "Afisa ndiye mwenye kosa," akasema. "Hatukumjua vizuri."

Mwongo. Ana macho ya baba yake, na Tijani pia hakujua kudanganya. Nikamwambia nirudishie Hajja, nitamtengeneza kwa pesa zangu. Akasema Hajja amepewa fundi wa jenereta, na fundi ameshamfungua. Wamemtoa shaba tumboni.

Sharti lake ni moja, na alilisema akiwa amesimama, mkono mlangoni: Afisa atawekwa na Shazali. Mimi nisimguse kabisa. Nikae tu nipige.

"Nikae tu nipige," nikarudia.

"Kama zamani, ami."

Nilipaswa kukataa. Mtu mwenye uso angekataa. Nilitazama vidole vyangu, hivi vyenye sugu za miaka arobaini, nikafikiria vitafanya nini siku nzima humu ndani. Nikasema ndiyo. Ni mimi niliyesema, hakuna aliyenilazimisha.


Alhamisi, 20 Novemba

Batul kapiga pasi jalabia yangu, ile nzuri. Kisha akakaa tukanywa chai ya maziwa.

Nimegundua kitu. Amekaa kulia kwangu. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa Batul anakaa kushoto, kwa sababu ya mlango. Nimerudi nyuma kichwani, siku kwa siku. Tangu Ramadhani anakaa kulia. Akiniletea chakula anapita kulia. Kitandani amehamia kulia, akasema ni joto la ukuta.

Hajawahi kusema neno. Nimemwonea hasira, kisha nimeona aibu kwa hasira hiyo, kisha imerudi.


Ijumaa, 21 Novemba

Dardig. Naandika nyuma ya hema, karibu na masufuria, wakati wa mapumziko. Daftari hili hukaa kwenye mfuko wa gitaa. Wapishi wanadhani naandika orodha ya nyimbo. Niandike haraka.

Tulifika baada ya swala ya Ijumaa. Shazali alikuwa ametangulia, Afisa kashawekwa — juu ya meza tena, mbali nyuma, na kitambaa cha mapambo kimetandikwa mpaka chini. Kile kitaa cha buluu kimebandikwa karatasi ya gundi. Kwa nini? "Kinaharibu picha za video, Ustadhi," akasema Shazali. Aliniita Ustadhi bila kicheko leo. Hilo peke yake lingetosha kunizindua. Nikakaa. Mguu wa kushoto ukatafuta kitu cha kuegemea, ukakosa.

Wimbo wa kwanza niliogopa. Nilimtazama mpiga fidla, nikapiga chini chini. Hakuna aliyeziba masikio. Wa pili, hakuna aliyeziba masikio. Nikasogea kidogo. Ilipofika lazma ya wimbo wa tatu nikajisikia. Wallahi nilijisikia. Noti zote, mahali pake, safi, hazikuchelewa hata moja. Nene, lakini zote zipo. Nikasema moyoni: kumbe ilikuwa kuweka tu. Kumbe Shazali kwa uhodari wake ni mtu wa maana, nimemchukia bure. Nikakaza vidole. Sijapiga vile tangu Tijani yuko hai.

Mjomba wa bwana harusi akasimama, mkono juu. Sikuinamisha kichwa, nilishajifunza. Nilimtazama kwanza kiganja. Kiganja kimegeuka kwake, vidole vinaalika. Nikamtazama usoni, anatabasamu, anapepesuka kwa furaha. Akaja mpaka kwangu. Kwangu, si kwa Muntasir! Muntasir mwenyewe alisogea pembeni kumpisha, nadhani hata alimwonyesha kwa kidole. Mkono ukasimama juu ya kichwa changu. Nikainama. Akaja wa pili, akaja mzee mwenye fimbo, wakaja wanne pamoja. Ajuza mmoja akapiga kigelegele, niliuona ulimi. Nilipiga na macho yamejaa maji na sikuona haya. Nikasema, Tijani, unaona? Yaliyopita wiki ile Mungu kayafuta.

Kisha mapumziko. Sinia zikaanza kupita. Wenzangu wakaenda kula. Mimi nikabaki, nikaona nimshukuru Afisa. Upuuzi wa mzee — nilikuwa namshukuru Hajja hivyo kila baada ya kazi, kiganja mgongoni, na yeye yuko moto kama mkate.

Nikatia mkono chini ya kitambaa cha mapambo, nikauweka mgongoni mwa Afisa.

Baridi. Baridi kama mtungi wa maji.

Nyimbo sita, saa nzima na ushei, na ni baridi. Nikabandua karatasi ya gundi. Kitaa kimezimika. Nikasema labda wamezima kwa ajili ya mapumziko. Nikashika waya, nikaufuata kwa mkono, nyuma ya meza, chini ya zulia. Upo wote. Umekunjwa vizuri, umefungwa kwa ule mpira uliokuja nao kutoka Jeddah, na plagi iko mwisho wake, haijachomekwa popote. Wa gitaa langu nao umeingia kwa Afisa, kama kawaida, ili nisishuku.

Nikatazama kinanda cha Shazali. Kinanda hakikuzimwa. Kwenye kioo chake pana namba, na nilihitaji kuvua miwani niisome. Ishirini na sita.

Kwa hiyo lazma ile niliyoisikia. Kwa hiyo wale waliokuja. Kwa hiyo Muntasir aliyesogea pembeni na kunionyesha kwa kidole — aliwatuma? Aliwaambia nini? Mwendeeni mzee wa watu, mfurahisheni?

Nilitaka nivunje kitu. Niligeuka, na upande wa wanawake Batul alikuwa amesimama na sahani mkononi, ananitazama. Ameniona nimeshika waya. Hakushtuka. Hakuuliza kwa mkono kuna nini. Alinitazama tu kama anavyolitazama birika likikaribia kuchemka.

Jikoni siku ile. Zalabia. Naye alikuwa ndani ya njama.

Nimetoka na kuja huku kwenye masufuria, na nimekuja na mwisho wa waya, nimeuvuta mpaka hapa kupitia mwanya wa hema. Plagi iko mapajani mwangu ninapoandika. Soketi ya jenereta iko hatua mbili, mpishi kachomeka birika lake humo. Nikichomoa birika nikachomeka hii, nitapiga mimi. Mimi kweli, na noti zangu zilizochelewa na mluzi wangu nisioujua, mbele ya watu hawa wa heshima. Nikiuacha waya hapa chini, nitarudi nikae, na wataendelea kuja na mikono juu ya kichwa changu, leo, na Ijumaa nyingine, na nyingine, mpaka nife. Na nitainama kupokea. Najijua. Leo niliinama mara saba na kila mara ilikuwa tamu.

Wameanza kukaza nyuzi. Mpiga fidla keshakaa. Mpishi anaitazama plagi, anasema kitu, nadhani anauliza kama nataka soketi.

Muntasir amesimama kwenye kipaza sauti. Ameinua mkono kunielekea. Jua liko nyuma yake, na kutoka hapa siwezi kuona kiganja kimegeukia wapi.